Jicho la sungura

Labda mtatucheka. Watu wanahangaikia bei ya unga, chumvi na karo ya shule, na sisi tunawaletea habari ya jicho la sungura mmoja. Chekeni, hatukatazi. Lakini mbele ya kugeuza ukurasa mtupe nafasi kidogo, maana katika habari hii sungura hakuwa na kosa hata kidogo, na mwenye kosa ndiye anayewaandikia.

Nyumbani kwetu Lubumbashi tuna sungura saba katika vibanda vya mbao nyuma ya jiko. Sita tunawafuga kama watu wengine wanavyofuga: wanazaa, wanakua, wengine tunauza, wengine tunakula siku ya sikukuu. Wa saba ni jike mweupe, jina lake Bunga, kwa sababu alipoletwa alifanana na konzi ya unga wa mahindi. Binti yetu wa miaka tisa alipewa na mama yake mkubwa, naye akaweka sheria nyumbani ambayo mtu havunji: Bunga haliwi. Basi Bunga anakula mkononi mwa binti, anamfuata mpaka kisimani, na binti akiandika kazi za shule anakaa chini ya kiti chake. Sisi hapo mwanzo tuliona ni mchezo wa watoto, tukanyamaza.

Mambo yalitokea mwezi wa saba wa mwaka 2023. Wakati ule kwetu ni kiangazi: mvua imekwisha tangu zamani, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya masanduku, na majani mabichi yamekuwa haba. Tulikata nyasi kavu kando ya njia tukawatandikia sungura, nyasi zile zenye mbegu zilizochongoka kama sindano. Siku ya Jumatatu asubuhi binti alikuja mbio: "Baba, Bunga anafumba jicho moja."

Tulikwenda kutazama. Jicho la kushoto lilikuwa limefumbwa nusu, manyoya chini yake yamelowa, na mguu wa mbele wa upande ule umelowa vile vile, upande wa ndani. Ile ilikuwa alama kubwa, lakini siku ile hatukujua kuisoma. Sungura hana kitambaa. Anajipangusa uso kwa mguu. Ukiona mguu umelowa, ujue amelisugua jicho usiku kucha kwa maumivu. Na sungura ni mnyama asiyelia. Mbwa akiumia mtaa mzima unasikia. Sungura anaficha ugonjwa wake, maana porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Anakaa tu katika pembe ya kibanda, amejikunja, nawe unasema: leo ametulia.

"Ni vumbi," tulimwambia binti. "Litapita."

Halafu tukaona haya kukaa bila kufanya kitu, kwani mtoto alikuwa anatutazama. Sisi wenyewe kila kiangazi macho yanatuwasha kwa ajili ya vumbi, na mwaka uliotangulia tulinunua chupa ndogo ya matone ya macho katika duka moja la dawa. Muuzaji hakuuliza karatasi ya daktari, wala sisi hatukuwa nayo. Tulisema, macho yanawasha. Akanyosha mkono, akashusha chupa, tukalipa. Matone yale yalitufaa sana. Basi tukawaza: yaliyomfaa mtu hayatamdhuru sungura. Jioni tukatia matone mawili. Jumanne tukatia asubuhi na jioni. Na tazama, Jumanne jioni ukope wa ndani, uliokuwa umevimba na kuwa mwekundu, ulikuwa umetulia! Tulimwita mama wa watoto kwa furaha.

"Unaona?"

"Naona," akajibu. "Lakini bado amelifumba."

Hatukulishika neno lake. Tulikuwa tumekwisha kujipa cheo cha daktari.

Jumatano jicho lilifunguka kidogo. Sungura weupe wengi wana macho mekundu tangu kuzaliwa, na juu ya wekundu ule tuliona wingu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Tukaongeza matone. Alhamisi Bunga hakugusa majani ya viazi aliyowekewa, na chini ya kibanda, mahali ambapo kila asubuhi tunafagia mavi kama mbaazi kavu, tulikuta punje tano au sita tu, ndogo na ngumu.

Mnajua mtaa wetu. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika kwa majirani, na kila mmoja alileta dawa yake. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alitaka kukamua maziwa ya kifua jichoni. Mwingine alisema tufungue kidonge cha ampisilini, kile chenye rangi mbili, tunyunyize unga wake ndani ya jicho, na unga unaobaki tumpe katika maji ya kunywa. Mzee mmoja alijua jani fulani la kukamulia. Na jirani mwenye akili nyepesi kuliko wote alisema dawa ya sungura ni vitunguu na nyanya. Watu walicheka. Binti hakucheka. Tulipomtafuta baadaye tulimkuta amejifungia katika chumba cha kulala, Bunga katika mapaja yake, na kiti kimesukumwa nyuma ya mlango.

Lile neno la jani ndilo lililotushtua. Zamani, tulipokuwa wadogo, shangazi yetu alipigwa na jani la muhindi jichoni wakati wa kuvuna. Kidonda kilikuwa kidogo; jioni ile alipika na kula kama siku zote. Kesho yake wakamkamulia maji ya majani. Kesho kutwa wakakamua mengine yenye nguvu zaidi, sababu ya kwanza hayakuponya. Baada ya majuma machache jicho lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa, na mpaka kufa kwake shangazi alikuwa akigeuza kichwa chote, kama kuku, ili kumwona mtu aliyekaa upande wake wa kuume. Sisi tulimshika mkono njiani mara nyingi. Tumesimulia habari yake mbele ya watu zaidi ya mara moja, ili kuwaonya. Na siku ile, tukisimama mbele ya mlango uliozuiwa kwa kiti, tulifahamu kwamba tangu Jumatatu tumekuwa tukikamulia majani, ila majani yetu yalikuwa katika chupa yenye karatasi nzuri.

Katika mtaa wa pili anakaa kijana mmoja aliyesomea uganga wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kazi yake ni nguruwe, mbuzi na kuku zaidi kuliko sungura. Jioni ile tulimweka Bunga katika kikapu, tukafunika kwa kitenge, binti akapanda nyuma ya baisikeli na kikapu kifuani, tukaenda.

Kijana alitupokea vizuri. Alimtoa Bunga polepole, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, akamviringisha katika kitambaa kama mtoto mchanga, kichwa tu kimebaki nje. Alitueleza kwamba hafanyi hivyo kwa sababu ya meno. Mifupa ya sungura ni myepesi na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akishikwa vibaya akarusha teke hewani, anaweza kujivunja uti wa mgongo yeye mwenyewe. Kisha akauliza:

"Mwalimu, mmekwisha kumtia nini jichoni?"

Tukajibu: "Maji tu."

Hatujui hata leo neno lile lilitoka wapi. Hakuna aliyetutisha. Yule ni mdogo wetu kwa umri, tena mtu mpole. Ni haya tu, haya ya mtu anayeitwa Mwalimu na watu wote wa mtaa. Palikuwa kimya kidogo. Halafu binti akasema, bila ubaya, kama mtoto anayekumbusha kitu kilichosahauliwa:

"Baba, na matone?"

Tukatoa chupa mfukoni. Ndiyo, ilikuwa mfukoni! Tuliichukua kwa siri, tukiwaza labda tutaongeza tukiwa njiani. Kijana aliisoma chini ya taa, akaiweka mezani, hakutukemea. Alisema tu: "Ni vema mmeniambia. Bila hivi ningetafuta sababu mahali pengine."

Kazi aliyoifanya baadaye tuliitazama kwa makini, na tunapenda kuieleza. Kwanza alitia tone la dawa ya ganzi. Kisha, kwa koleo ndogo isiyo na ncha kali, akavuta ukope wa tatu. Maana sungura ana ukope wa tatu, mwembamba, unaokaa katika pembe ya jicho upande wa pua, nasi tumefuga sungura miaka mingi pasipo kujua. Nyuma ya ukope ule palikuwa na ganda la mbegu ya nyasi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Lilikuwa limelala pale tangu Jumatatu, na kila Bunga alipofumba jicho lilikwaruza. Matone yetu yote yalipita juu yake kama mvua juu ya jiwe.

Pili, alichukua kikaratasi cha rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha ndani ya ukope, kisha akaosha jicho kwa maji ya chumvi. Akazima taa, akawasha tochi ndogo yenye mwanga wa buluu. Pale pale doa la kijani likang'aa juu ya jicho, ukubwa wa punje ya mtama. Rangi ile haishiki pazima, inashika palipochubuka tu. Binti aliomba atazame mara ya pili, akatazama sana, kisha akatutazama sisi.

"Kioo cha jicho la sungura," kijana alisema, "unene wake haufiki nusu ya milimeta. Hakina damu ndani yake, maana kingekuwa na damu kisingepitisha nuru. Kwa hiyo kikiumia, wasaidizi wanatoka mbali, pembeni mwa jicho. Ule wekundu mliouona ndio wasaidizi wenyewe wanaofika. Sasa dawa iliyo katika chupa hii ni deksametasoni. Inafaa kwa macho yanayowashwa, daktari akiisha kuona kwamba hakuna kidonda. Lakini palipo na kidonda, inawafukuza wajenzi. Nyumba inakuwa kimya, mwenye nyumba anafurahi, na ukuta haujengwi. Vijidudu navyo vinapata nafasi ya kula."

Tukaona kwamba ile furaha yetu ya Jumanne ilikuwa furaha ya mwenye nyumba yule.

Alituonyesha pia kwa nini ile shauri ya ampisilini ingekuwa mbaya zaidi. Unga ule haukutengenezwa kwa macho, punje zake zingekwaruza. Na kama tungemnywesha, tungemwua kabisa. Katika tumbo la sungura mna vijidudu vyema vinavyochachusha majani. Ampisilini, amoksisilini na penisilini za kunywa zinaua vile vyema, vibaya vinazidi, na mnyama anakufa kwa kuhara katika siku chache. Jirani yetu alisema kwa moyo mzuri. Kwake dawa ile imeponya watoto watatu.

Alipokuwa akiandika, kijana alisema jambo ambalo bado tunalifikiri. Katika mwaka 1944, huko Marekani, John Draize na wenzake walitangaza namna ya kupima kama kitu kinadhuru macho, nayo ni kukitia katika jicho la sungura mweupe na kuangalia. Sabuni, manukato, rangi za midomo, dawa: kwa miaka mingi vimepimwa hivyo, kwa sababu jicho la sungura ni kubwa, machozi yake ni machache, tena anapepesa mara chache sana, labda mara kumi hivi katika saa moja. Kitu kikiingia kinakaa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013 ni marufuku kuuza vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama, na wataalamu wamepata njia nyingine za kupima. "Lakini deni lipo, Mwalimu," akasema. "Matone mengi yanayotufaa leo yalipita kwanza katika macho kama haya." Binti akauliza kama sungura wale walipewa majina. Kijana akasema hapana, walipewa namba.

Tulirudi nyumbani na vitu vitatu. Cha kwanza, pomada ya macho ya tetrasikilini, asilimia moja. Mama wa watoto aliitambua mara moja, maana ni pomada ile ile wanayowapaka watoto machoni wakiisha kuzaliwa. Tuliamriwa kuipaka mara nne kwa siku, kipande cha nusu sentimeta ndani ya ukope wa chini, na mrija ule uwe wa Bunga peke yake, mtu asiutumie. Cha pili, dawa ya maumivu, iliyopimwa kwa uzito wake, kwani Bunga hafiki kilo mbili na nusu. Cha tatu, bomba la sindano lisilo na sindano. Hicho cha tatu ndicho kilichotuogopesha. Kijana alisema: "Jicho halitamwua. Njaa itamwua. Tumbo la sungura halipaswi kusimama. Akipita nusu siku bila kula, hatari imeanza. Maumivu yanamzuia kula, na tumbo likisimama maumivu yanazidi. Msikilize tumbo kuliko jicho."

Usiku ule nyumba yetu ikawa hospitali. Kila saa nne mama wa watoto aliponda majani ya lengalenga na nyasi laini, akachuja, akatia maji ya uvuguvugu. Sisi tulimshika Bunga katika kitambaa, na binti aliingiza bomba pembeni mwa mdomo, pale katika nafasi kati ya meno ya mbele na magego, akasukuma kidogo kidogo, akingoja ameze. Ukisukuma kwa nguvu, chakula kinaingia mapafuni. Mikono yetu ni mizito kwa kazi ile. Ya binti ilikuwa sawasawa. Kwa jicho tulichemsha maji, tukatia chumvi kijiko kidogo cha chai kisichojaa katika nusu lita, yaani karibu gramu tisa kwa lita, tukaacha yapoe kabisa. Tulipangusa kwa kitambaa safi kilichochemshwa, tukianza pembe ya pua kwenda nje, kipande kipya kila mara. Hatukutumia pamba, sababu nyuzi zake zinabaki jichoni, na nyuzi moja inatosha kuanza matata upya.

Ijumaa asubuhi tulihesabu punje za mavi: tatu. Mchana, hakuna. Mtu asiyepata kufuga atashangaa kwamba watu wazima wawili walipiga magoti nyuma ya jiko wakitafuta mavi ya sungura kama wanatafuta almasi. Jioni bado hakuna. Mama wa watoto alituita kando, akasema kwa sauti ndogo kwamba inafaa tumtayarishe mtoto.

Tukaenda kwake. Alikuwa amelala juu ya mkeka karibu na kikapu, macho wazi. Tulitafuta namna ya kuanza, lakini yeye alitangulia.

"Baba, kwa nini ulimwambia ni maji tu?"

Tulisema tulisahau. Hata pale, mara ya pili! Kisha tukaona kwamba neno lile haliwezi kusimama, tukasema: "Tuliona haya." Akafikiri. "Ningenyamaza, Bunga angekufa?" Tulimwambia kwamba labda ndiyo. Hakusema neno lingine, wala sisi hatukuwa na lingine. Tulikaa pale mkekani mpaka akasinzia, na yale ya kumtayarisha hatukuyasema.

Karibu saa tisa za usiku tuliamshwa na sauti ndogo gizani, kama mtu anayekata karatasi kwa makasi mabovu. Hatukuwasha taa mara moja, tuliogopa kwamba ni panya. Ilikuwa Bunga. Alikuwa amevuta jani moja la viazi kutoka katika rundo, na lilikuwa likiingia mdomoni kwa shina lake, kidogo kidogo, mpaka likakwisha. Akachukua la pili. Kulipopambazuka palikuwa na punje kumi na saba. Binti alizihesabu mara mbili, akaja kutuonyesha katika kiganja, nasi tulizipokea kwa mikono miwili.

Jicho lilikawia kuliko tumbo. Siku ya tano kijana alitia tena rangi ya kijani: doa limepungua, sasa kama kichwa cha pini. Siku ya kumi na nne halikuonekana tena. Kioo kilikuwa kimefunga. Lakini pale palipokuwa na kidonda pamebaki kovu jeupe, nalo litakaa. Tulimwuliza kijana waziwazi: kama tusingetia matone yale, kovu lingekuwako? Alifunga mfuko wake polepole. "Labda dogo zaidi," akasema. "Labda lisingekuwako." Kwa adabu hakuongeza neno.

Wengi wenu mnafuga sungura, kwa hiyo tuseme machache juu ya kuzuia, tuliyoyapata siku zile. Nyasi zenye mbegu za kuchoma hatutandiki tena. Tunazikata vichwa, ao tunatandika maganda laini ya mahindi. Madume mawili hatuyaweki pamoja, maana yakigombana yanatafuta uso na macho. Mkojo wa sungura nao ni adui: ingiza kichwa chako ndani ya kibanda asubuhi na mapema, na macho yako yakiwasha, ujue yao yamewasha usiku mzima. Na jicho likitoa machozi ao usaha mara kwa mara bila jeraha, mtazame meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, na mizizi yake ikirefuka inabana mfereji wa machozi unaoshuka puani; hapo pomada utapaka mwaka mzima bure. Lakini jicho lililopata wingu, ao lililofumbwa tangu asubuhi mpaka jioni, lisingoje kesho. Osha kwa maji ya chumvi, usitie kingine, mpeleke kwa anayejua. Na akikuuliza ulichotia, mwambie.

Ile chupa ya matone hatukuiona tena juu ya kabati. Tulipouliza, mama wa watoto alionyesha upande wa choo kwa kidevu, akaendelea kusonga bugali.

Bunga sasa ni mzee kidogo, mnene kuliko zamani. Macho ya sungura yamewekwa pembeni mwa kichwa, ili aone karibu pande zote bila kugeuka, ila mbele tu ya pua yake haoni. Bunga amepungukiwa na upande wa kushoto. Ukimjia kutoka huko ghafula anaruka na kupiga chini kwa mguu. Kwa hiyo binti ana desturi ya kupiga ulimi mara mbili akiwa bado mbali, naye Bunga anageuza kichwa chote, polepole, mpaka jicho lake la kuume limpate. Juzi tulimwona akifanya vile karibu na kisima, na tulisimama na ndoo mkononi muda mrefu, sababu tulikuwa tumemwona shangazi.